Kihausa Kilipofika Rufiji

Anayetoka Kibiti kwenda Mloka huiacha barabara kuu ya Kilwa, hupita Mkongo, kisha Ngorongo, na upande wake wa kushoto mto Rufiji huwa karibu hata pale usipoonekana. Magari mengi ya njia hiyo siku hizi huwapeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Pembeni kuna mashamba ya mpunga na mahindi, na katikati ya mashamba kuna madungu: vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mkulima hulala msimu mzima akiwafukuza nguruwe, nyani na viboko. Lugha za huko zinajulikana. Kuna Kiswahili cha kila mtu, Kindengereko, Kimatumbi na Kingindo, na tangu wafugaji walipoanza kuingia na ng'ombe wao miaka ya 2000, kuna Kisukuma na Kibarbaig.

Ipo lugha nyingine iliyowahi kusikika katika bonde hili, na leo karibu hakuna anayeikumbuka. Miezi ya mwanzo ya mwaka 1917, juu zaidi ya mto huohuo, maelfu ya watu walikaa kambini wakipiga soga, wakigombana, wakisali na kulalamikia njaa kwa Kihausa. Kilikuja na jeshi, kikaondoka na jeshi. Walioleta lugha hiyo walisafiri kutoka Lagos kwa meli, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na kushuka Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1916.

Sababu ya safari hiyo ilikuwa mbu zaidi kuliko Wajerumani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikuwa wameivamia Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa kutegemea sana askari weupe kutoka Afrika Kusini pamoja na askari wa Kihindi, chini ya Jenerali Jan Smuts. Malaria na kuhara viliwaangusha maelfu kabla hawajamwona adui. Kufikia mwisho wa 1916 wakubwa wa vita walikubali jambo ambalo walilikwepa tangu mwanzo, kwamba vita hii ingepiganwa na Waafrika. Vikosi vya King's African Rifles vikaongezwa haraka, na kutoka pwani ya Magharibi ikaitwa Brigedi ya Nigeria, batalioni nne chini ya Brigedia Jenerali Frederick Cunliffe. Kikosi cha Gold Coast, Ghana ya leo, kilikuwa kimeshatangulia tangu katikati ya mwaka huo, na Desemba hiyohiyo kilikuwa kikimwaga damu Kibata, kwenye milima ya Matumbi, kusini mwa Rufiji.

Wanigeria walipelekwa kwa treni hadi Mikese, karibu na Morogoro, wakatembea hadi mto Mgeta. Tarehe 1 Januari 1917 mashambulizi yakaanza. Siku tatu baadaye, Beho Beho, akauawa Kapteni Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyeingia vitani akiwa mzee wa miaka 60 na zaidi. Majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yakarudi nyuma na kuvuka Rufiji. Waingereza wakawafuata, wakavukia Kibambawe, na Brigedi ya Nigeria ikajikuta ng'ambo ya kusini, ikipiga kambi Mkindu na kwingineko. Tarehe 24 Januari ilipigana Ngwembe na kupoteza watu wengi.

Halafu mvua ikanyesha.

Mrufiji hahitaji kuelezwa maana yake. Mto huu hupanda, hutapakaa, huyafunika mashamba na kuacha tope lenye rutuba ambalo wenyeji hulilima maji yakishuka. Kwao mafuriko ni kalenda, ingawa kuna miaka ambayo kalenda hiyo huua. Kwa jeshi lililokuwa likilishwa kwa malori na mabega ya watu kutoka stesheni ya reli, mvua za 1917 zilikuwa balaa. Barabara ya Mikese ikageuka matope, malori yakazama, wapagazi wakafa njiani, na mzigo mkubwa wa chakula ukaliwa na wale wale waliokuwa wameubeba, kwani nao walihitaji kula. Posho ya askari ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Kapteni W. D. Downes, afisa wa brigedi hiyo aliyechapisha kitabu chake mwaka 1919, anaeleza jinsi watu walivyochimba mizizi ya porini, na jinsi baadhi yao walivyokufa kwa mizizi yenye sumu. Hawakuwa watu wa pale. Bibi yeyote wa Kirufiji angewaambia upi unalika na upi unaua, lakini vijiji vingi vya njia ya vita vilikuwa vimekwisha kukimbiwa au kuporwa, na chakula chake kubebwa na jeshi moja au jingine.

Hao waliokuwa wakifa njaa kando ya Rufiji walikuwa akina nani? Maafisa waliwaita wote Wahausa kwa mazoea, na hapo pana kosa la kusahihisha. Ndani ya Kikosi cha Nigeria walikuwamo Wahausa wenyewe, lakini pia Wayoruba, Wafulani, Wakanuri, Wanupe na wengine wengi. Mmoja wa askari wake mashuhuri, Belo Akure, anatambulika kwa jina lake kuwa mtu wa Akure, nchi ya Wayoruba. Mwingine, Chari Maigumeri, alitoka upande wa Borno. Huyo wa pili kisa chake ni cha ajabu: alianza vita akiwa askari wa Wajerumani nchini Kamerun, akapewa nishani ya Msalaba wa Chuma, akatekwa na Waingereza, akajiunga nao, na mwaka 1917 akaja Afrika Mashariki kupigana na Wajerumani. Baadaye Waingereza nao wakamtunuku.

Kilichowaunganisha watu hao ni Kihausa. Mazoea hayo yalianza Lagos miaka ya 1860, pale John Glover alipounda kikosi cha polisi wenye silaha kutokana na watumwa waliotoroka mabwana wao, wengi wao wasemaji wa Kihausa. Frederick Lugard alipounda jeshi la mpaka la Afrika Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1890, alikuta lugha ya jeshi imeshajichagua. Kuruta aliyeingia bila kujua neno moja alitoka akiongea Kihausa cha kambini, na afisa wa Kiingereza alitakiwa ajifunze na kufanya mtihani wake. Ndivyo Kiswahili kilivyokuwa upande wa pili wa vita: askari wa Lettow-Vorbeck, Wanyamwezi, Wasukuma, Wangoni na Wamanyema, walielewana kwa Kiswahili. Kwa hiyo katika mahandaki ya Rufiji lugha kuu mbili za biashara za Bara la Afrika zilitazamana kwa bunduki, kwa faida ya wafalme wa Ulaya. Kihausa, kwa njia, huiita silaha hiyo bindiga. Majina yote mawili yametoka Kiarabu.

Hapa inafaa kumjulisha msomaji lugha yenyewe, maana ni aibu kidogo kwamba Mswahili wa leo anajua zaidi habari za Kikorea cha tamthilia kuliko za Kihausa, ambacho ni pacha wa lugha yake kwa historia.

Pacha wa historia, si wa damu. Kiswahili ni Kibantu. Kihausa ni cha tawi la Kichadi, katika jamii kubwa ya Afrika na Asia inayokusanya Kiarabu, Kiebrania, Kiamhara, Kisomali, Kioromo, Kiberiberi na Kimisri cha mafarao. Hakina ngeli za m-wa na ki-vi. Kina jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na jinsia hiyo huingia mpaka kwenye nafsi ya tatu: yaro ya zo, mvulana amekuja, lakini yarinya ta zo, msichana amekuja. Wingi wake humchosha mgeni kwa sababu hauna njia moja. Gida ni nyumba, nyumba nyingi ni gidaje. Doki ni farasi, farasi wengi ni dawaki. Mutum ni mtu, watu ni mutane, na hapo Mswahili huruka kwa furaha akidhani amepata ndugu. Akisikia nama ni nyama huruka tena. Mifano miwili kama hiyo haitoshi kuwa ushahidi wa nasaba.

Ugumu wa kweli uko kwenye toni. Kihausa hupandisha na kushusha sauti, na maana hufuata. Wuya ikianza juu na kushuka ni shingo. Ikianza chini na kupanda ni taabu. Irabu ni tano kama zetu, lakini kila moja ina fupi na ndefu, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi urefu wala toni. Msomaji anatarajiwa ajue. Konsonanti nazo zina mambo. Kuna b ya kawaida, na kuna ɓ inayotamkwa kwa kuvuta pumzi kidogo ndani. Kuna d na ɗ, k na ƙ. Jambo la kupendeza ni kwamba Mswahili wa pwani anaposema baba au dada tayari huivuta sauti hiyo ndani bila kujijua. Sauti ambayo Mwingereza huhangaika nayo, mtoto wa Kibiti anayo tangu utotoni. Kinachomshinda ni kuitenganisha na ile ya kawaida.

Na kuna mahali ambapo askari wa Kano na mkulima wa Rufiji wangeelewana bila mkalimani. Kihausa huhesabu moja hadi kumi kwa maneno yake yenyewe: ɗaya, biyu, uku, huɗu, biyar, na kuendelea hadi goma. Lakini kuanzia ishirini kimeazima Kiarabu, kama sisi. Ashirin, talatin, arba'in, hamsin, sittin, saba'in, tamanin, casa'in. Hiyo c ya mwisho husomwa ch. Siku za wiki pia. Mswahili ameazima Alhamisi na Ijumaa tu, nyingine akazihesabu kuanzia Jumamosi, ilhali Mhausa amezichukua zote: Lahadi, Litinin, Talata, Laraba, Alhamis, Jumma'a, Asabar. Habari ni labari, dunia ni duniya, kalamu ni alkalami, akili ni hankali, soko ni kasuwa. Mwalimu wa chuoni ni malam.

Lakini ukaribu mkubwa zaidi hauko kwenye mikopo ya Kiarabu, uko kwenye adabu. Mhausa hampiti mtu anayefanya kazi bila kumwambia sannu da aiki, nasi tunasema pole na kazi. Huulizwa umelalaje, nyumbani hawajambo, uchovu vipi, na jibu la kila swali ni lafiya, hata kama mtu amelala njaa. Mtu aliyelelewa Utete au Mohoro akisikia mfululizo huo wa salamu asingehitaji tafsiri ili ajue kinachoendelea.

Historia za lugha hizi mbili zimekwenda sambamba kwa namna inayoshangaza. Wahausa husimulia habari za Bayajida, mwana wa mfalme kutoka Baghdad, aliyefika Daura, akamuua nyoka aliyewazuia watu kuteka maji katika kisima cha Kusugu, akamwoa malkia, na uzao wake ukatawala miji saba: Daura, Kano, Katsina, Zaria, Gobir, Rano na Biram. Kilwa, jirani wa Rufiji, nayo ina Ali bin Hassan wa Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Wanahistoria huzipokea hadithi zote mbili kwa tahadhari. Zinaeleza zaidi jinsi watu wa biashara walivyotaka kuonekana kuliko walikotoka. Maana biashara ndiyo iliyozieneza lugha zote mbili: Wahausa walisafirisha ngozi na vitambaa vya nili vya Kano kuvuka jangwa, na kuleta kutoka misitu ya Asante mbegu za kola, ambazo hutafunwa huko kama tambuu inavyotafunwa pwani yetu.

Zote mbili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya ukoloni wa Mzungu, maandishi yanayoitwa Ajami. Katika karne ya 19 Sokoto ilikuwa na Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio, kiongozi wa jihadi iliyoanza 1804. Mama huyo alitunga mashairi kwa Kihausa, Kifulfulde na Kiarabu, na kuwafundisha wanawake. Alifariki 1864. Miaka hiyohiyo, upande wa Pate, alikuwapo Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858. Hakuna dalili kwamba wanawake hao wawili waliwahi kusikiana. Wangekutana wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Wamisionari wakafuata nyayo hizohizo. Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Schön akatoa ya Kihausa mwaka 1862. Chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887 kilifundisha zote mbili kwa maafisa wa makoloni. Wakoloni wakachagua lahaja moja ya kila lugha na kuifanya sanifu, ya Kano huko, ya Unguja huku. Kamusi kubwa ya Bargery ilitoka 1934, ya Johnson ikatoka 1939. Gazeti la Kihausa Gaskiya Ta Fi Kwabo lilianza 1939 chini ya mhariri Abubakar Imam, mwandishi ambaye kwa Wahausa ana kiti kama cha Shaaban Robert kwetu. Riwaya yake Ruwan Bagaja ilitokana na shindano la uandishi la mwaka 1933, na shindano hilohilo lilimtoa mwalimu mmoja kijana na kitabu chake Shaihu Umar. Jina lake Abubakar Tafawa Balewa, waziri mkuu wa kwanza wa Nigeria. Tanzania nayo ilikuwa na kiongozi aliyeishika kalamu ya lugha ya watu: Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare. BBC ilianza kutangaza kwa Kihausa na kwa Kiswahili katika mwaka mmoja, 1957.

Tofauti ziko, na si ndogo. Kiswahili kilipewa dola. Kikawa lugha ya taifa, ya bunge na ya shule ya msingi, na wengi wanaokisema wana lugha nyingine ya nyumbani. Kihausa kinabaki kuwa lugha ya kwanza ya makumi ya mamilioni kaskazini mwa Nigeria na kusini mwa Niger, na lugha ya pili ya wengine wengi hadi Kamerun, Chad, mitaa ya zongo ya Ghana na vijiji vya Sudan vilivyoanzishwa na mahujaji wa kwenda Makka. Lakini katika Nigeria yenyewe ni lugha ya upande mmoja wa nchi, na wa upande mwingine huitazama kwa hofu ya kisiasa. Hofu hiyo haiko Tanzania, kwa sababu Kiswahili hakina kabila kubwa la kuogopwa. Jeshi lililokifikisha Kihausa Rufiji lilikiacha baadaye na kushika Kiingereza.

Brigedi ilitoka Rufiji pole pole mwaka huo wa 1917. Sehemu yake ilipelekwa kulifukuza kundi la Kijerumani lililokuwa likizurura karibu na reli ya kati, na Oktoba brigedi ikawa kusini, Mahiwa, karibu na Lindi, katika mapigano ya siku nne yaliyokuwa mabaya kuliko yote ya vita hiyo hapa kwetu. Mwanzoni mwa 1918 waliobaki wakapanda meli Lindi kurudi kwao.

Kumbukumbu za vita hiyo zina upendeleo. Kaburi la Selous lipo Beho Beho, na jina lake lilibebwa na pori zima la akiba tangu 1922 hadi sehemu yake kubwa ilipogeuzwa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ina vitabu na filamu zake. Kwa wapagazi na askari weusi kuna Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, yenye maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kihausa hakimo. Lagos nao walisimamisha sanamu ya askari wao, pale Idumota, lakini wakazi wake wa leo si wengi wanaojua Kibambawe iko nchi gani. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita hiyo, na kwamba huenda idadi ikafikia 350,000.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo halmashauri za Rufiji na Kibiti, Makumbusho ya Taifa na ubalozi wa Nigeria wanaweza kulifanya bila gharama kubwa. Njia ya kwenda hifadhini inapita Ngorongo, watalii wanapita kila msimu, na wanaelezwa habari za tembo na za Selous. Kibao kimoja barabarani, kwa Kiswahili na kwa Kihausa, kiwataje watu waliotoka Kano, Borno, Akure na Sokoto wakafa njaa kwenye mto huu, pamoja na wapagazi wa hapa waliokufa wakiwabebea chakula. Maandishi ya Kihausa yataandikwa kwa urahisi. Wasemaji wa kuyahariri wapo Dar es Salaam leo.